Wivu Ulionifundisha Kughani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Kisanga hatujambo. Babu yako anavuna mahindi. Umeuliza nani alinifundisha kughani mashairi bila kitabu. Ni wivu!

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa bibi harusi, nimetoka sekondari, nikimpenda babu yako hadi nasahau kutia chumvi mbogani. Jioni moja nikamsomea shairi la malenga wa zamani. Mama yake, asiyejua kusoma, alikuwa akipepeta mchele. Akalidaka, akalighani lote. Babu yako akamgeukia yeye! Wivu ukanikaba, nikapaza sauti zaidi.

“Funga kitabu, mkwe wangu,” mama akacheka. “Utamwonaje mumeo?”

Kesho yake nikamwomba anifundishe. Hadi leo namghania babu yako nikimtazama machoni, naye bado anaona haya.

Bibi yako