Bibi Harusi Anagoma Kupanda

3 Machi. Mwaka wa arobaini na moja tangu niondoke nyumbani.

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ukiacha magoti, ambayo nayo yangekuwa ya gari ningeshayabadilisha. Natumaini wewe na baba yako hamjambo, na kwamba kikohozi chake kimemwacha.

Barua yako imenifikia Jumanne na nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa kalamu mkononi. Umefanya vizuri kuandika. Simu siku hizi naisikia kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Masikio yangu niliyaacha gereji. Tena gari halielezeki kwa simu.

Acha nirudie ulichoniambia, tuone kama nimeelewa. Umeacha kazi ya kaunta kule bima ukafungua shule ya udereva kwa ajili ya kina mama wanaoogopa klachi. Umeiita Mguu Mmoja, jina lililonichekesha hadi jirani akagonga ukuta. Una gari moja dogo la otomatiki, la mkono wa pili, na wanafunzi wako wanaliita Bibi Harusi kwa sababu ukivuta mkono wa gia hadi D, ya kwenda mbele, linanyamaza kwanza kama linatafakari, halafu linaruka. Mlimani injini inalia lakini gari haliendi. Fundi wako, huyo mnayemwita Profesa, anasema giaboksi imekufa na magari rahisi ya otomatiki yote ndivyo yalivyo, ni ya kutumia na kutupa. Una wanafunzi sita wanaofanya mtihani mwishoni mwa Mei. Gari likifa, shule imekufa nalo, nawe unarudi kaunta.

Sasa nisikilize mimi, niliyefungua giaboksi kwa miaka thelathini na moja. Hizo za magari rahisi ni ngumu kuliko zinavyosemwa. Zina gia nne, vitu vichache ndani, hakuna mapambo. Nyingi nilizozifungua hazikufa kwa uzee, zilikufa kwa kiu. Mwenye gari alikuwa ameambiwa kwamba mafuta ya giaboksi hayabadilishwi maisha yote, naye akaamini, kwa sababu ni jambo tamu kuamini.

Usikubali ifunguliwe bado. Chomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe, acha lilale siku nzima, kisha nitumie karatasi hiyo. Nitalisoma.

Baba Mkubwa wako

—

21 Machi

Baba Mkubwa, shikamoo.

Sisi wazima, na kikohozi cha baba kimehamia kwa jirani. Anakusalimu. Nilimwambia akuandikie mwenyewe, akasema yeye na kalamu waligombana shuleni na hawajapatana hadi leo.

Karatasi ya tone hii hapa. Mwanamke wa posta aliinusa bahasha akaniuliza ni chakula gani.

Profesa nilimsomea barua yako neno kwa neno. Alisikiliza huku amekunja mikono, halafu akaniuliza kama Baba Mkubwa anatibu pia meno kwa posta. Lakini amekubali kungoja.

Nikueleze wanafunzi, maana umeuliza mambo ya gari tu. Wapo mshonaji, mwalimu mkuu, dada wawili wenye duka la vioo, mwuguzi, na Mama Breki. Mama Breki ana miaka sitini na mitatu, ameanguka mtihani mara tatu kwenye shule nyingine, zote kwa klachi. Jina amelipata kwa sababu akiona hata kivuli cha ndege barabarani anasimama. Siku ya kwanza alikaa kwenye Bibi Harusi, akatafuta pedali ya tatu kwa mguu wa kushoto, akaikosa, akalia kidogo kwa furaha. Siwezi kumwambia mama huyo kwamba shule imefungwa.

Baba ananisaidia kufundisha asubuhi. Anaringa huyo, utadhani ndiye mwenye shule.

Mwanao

—

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na salamu kwa nyumba nzima.

Nimelinusa tone lako, nimelisugua kati ya vidole, nimelipeleka dirishani. Ni oili ya injini. Umeniletea damu ya mgonjwa mwingine.

Usione haya, vijiti viko viwili na vinafanana. Cha giaboksi kiko chini zaidi, nyuma. Mafuta yake yakiwa mapya ni mekundu. Na usipime gari likiwa baridi na limezimwa: liendeshe kwanza nusu saa, lisimamishe mahali tambarare, injini ikinguruma, pitisha mkono wa gia taratibu kwenye kila herufi, urudi P, ya kuegesha, ndipo uchomoe. Futa, rudisha, chomoa tena.

Usimwambie Profesa.

Baba Mkubwa

—

14 Aprili

Baba Mkubwa, shikamoo.

Tu wazima, ila Profesa alijua. Mwanamke wa posta ni shemeji yake, na bahasha yako ilinifikia imefunguliwa. Sasa akiniona anauliza damu ya leo ni ya nani.

Tone hili ni lenyewe, nimepima kama ulivyosema. Kijiti kilionyesha mafuta yako chini ya alama, na mekundu sikuyaona. Ni ya rangi ya chai iliyosahauliwa.

Mambo si mazuri. Jumatano Bibi Harusi alikataa kupanda mlima wa tangi la maji akiwa na mwalimu mkuu kwenye usukani. Injini ilipiga kelele, sisi tukabaki pale pale, malori nyuma yetu yakitupigia honi. Mwalimu mkuu alishuka akayafokea malori, yakanyamaza, lakini gari halikupanda. Tulirudi kinyumenyume. Profesa amepata giaboksi ya gari lililogongwa na anataka kuifunga Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Anasema akingoja zaidi itachukuliwa na mtu mwingine. Yeye mwenyewe hajui ilitembea kiasi gani.

Nifanye nini? Usinifariji, niambie ukweli.

Mwanao

—

24 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zitangoja, nataka barua hii iwahi posta ya saa sita.

Ukweli ni huu. Tone lako limeacha duara jeusi katikati na ukingo wa kahawia, na bado kuna uwekundu kidogo pembeni kabisa. Lina harufu ya kuungua, lakini ndogo, kama ya pasi iliyosahaulika muda mfupi. Nimelipitisha chini ya kioo cha kukuzia: hakuna chembe zinazong'aa. Sahani za klachi zilizomo ndani yake zimechoka, hazijafa. Giaboksi yako ina kiu.

Mwambie Profesa, kwa heshima, maana fundi anayekubali kungoja ni fundi mzuri, afungue sinia la mafuta lililo chini ya giaboksi. Abadilishe chujio. Atakuta sumaku. Ikiwa na unga laini kama wanja, huo ni uzee wa kawaida. Ikiwa na vipande vinavyochoma kidole, basi afunge hiyo giaboksi yake nami nitamwomba radhi kwa barua. Mafuta yanayotoka ayapime kwenye chupa, arudishe mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, si ya aina anayoipenda yeye, kisha ayafikishe kwenye alama. Asiyasukume kwa mashine. Endesheni wiki moja, kisha mmwage na kujaza tena, na tena kwa mara ya tatu. Uchafu wa miaka hutolewa polepole.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Kiu peke yake haileti harufu ile kwa gari linalokwenda polepole mjini. Kuna mtu analitesa. Je, yupo anayeweka N, yaani gia huru, kwenye mteremko, gari likijiendea, kisha anarudisha D huko chini? Pampu ya mafuta inazungushwa na injini. Ukiweka N injini inasinzia, mafuta yanapungua, na vyuma vya ndani bado vinakimbia. Halafu ukirudisha D sahani zinashikishwa mzigo wote kwa ghafla. Mara moja si neno. Mara ishirini kwa siku ni kuua.

Kaa kiti cha nyuma, usiseme kitu, uangalie mikono.

Baba Mkubwa

—

30 Mei

Mwanangu,

Wiki ya tano sasa sina barua. Natumaini ni wazima nyote.

Jumamosi ile ya Profesa imepita, mtihani nao lazima umepita. Kama barua yangu ilichelewa na giaboksi imebadilishwa, niambie tu, sitakasirika. Kama umerudi kaunta, niambie pia. Nimempigia baba yako, nikasikia pipa likicheka, sikuelewa neno.

Baba Mkubwa

—

6 Juni

Baba Mkubwa, shikamoo, na unisamehe.

Sisi ni wazima kupita kiasi. Nilijiapiza kwamba sitakuandikia hadi niwe na jibu la kweli, nikasahau kwamba upande wako kimya hakina maelezo.

Barua yako ilifika Ijumaa, siku moja kabla. Nilikwenda nayo gereji nikiwa bado na taulo kichwani. Profesa aliisoma mwenyewe safari hii, akafika kwenye "fundi anayekubali kungoja ni fundi mzuri", akairudia, akaniambia nimletee chupa za kupimia. Sumaku ilikuwa na wanja mtupu. Alipitisha kidole, akakiangalia, akasema yule mzee wako anaona mbali. Chujio lilikuwa jeusi kama sufuria ya kuni. Giaboksi ya gari lililogongwa amemuuzia mtu mwingine, na anasema anamwonea huruma.

Jumatatu nikakaa kiti cha nyuma. Baba mbele, mshonaji kwenye usukani. Tulipofika juu ya mlima wa tangi, kwa kusuasua, mshonaji akanyoosha mkono bila hata kutazama, akaweka N, gari likaserereka. Chini, akarudisha D, Bibi Harusi akaruka. Nikashusha huyo nikapandisha mwuguzi: vile vile. Mama Breki, vile vile, tena yeye akafumba na macho kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi. Wote sita, Baba Mkubwa. Mchana nilikuwa nikiwafundisha kuliendesha gari lipone, na baba asubuhi alikuwa akiwafundisha kuliua.

Nikamuuliza baba nani amemfundisha jambo hilo. Akakaa wima. "Mwalimu wangu ni kaka yangu," akasema. "Ukitaka kubishana, bishana na yeye."

Nikampa barua yako. Aliisoma polepole, midomo ikitembea. Kisha akashuka akatembea kwa miguu hadi nyumbani, mwendo wa saa nzima, hakutaka lifti. Siku ya tatu aliamka mapema akafunga kamba ya viatu kwenye mkono wa gia, ili mtu akitaka N aanze kwanza kufungua fundo. Ukimpigia simu anacheka tu kwa sababu hajui aanzie wapi.

Tulimwaga mafuta mara tatu. Baada ya mara ya pili Bibi Harusi aliacha kutafakari. Baada ya mara ya tatu tulipanda mlima wa tangi tukiwa watu watano ndani, na mwalimu mkuu alitaka tushuke tupande tena.

Mtihani: watano kati ya sita wamepita. Mama Breki alikuwa wa kwanza. Mtahini alimwambia anaweza kwenda, yeye akabaki amekaa, akamwomba arudie sentensi. Aliyeanguka ni mmoja wa dada wa duka la vioo, aligonga pipa la taka akirudi nyuma, na dada yake hampi nafasi ya kulisahau. Darasa lijalo lina watu kumi na mmoja. Profesa ameandika ukutani kwake, kwa rangi nyekundu, kwamba anasoma matone.

Nimeagizwa nikuulize jambo moja, na baba ameketi hapa kuhakikisha naliandika. Ameondoa mabati yaliyorundikwa kwenye kile chumba cha uani, amepaka chokaa, ameweka kitanda na meza ya kuandikia. Anauliza utarudi lini.

Mwanao

—

20 Juni

Mwanangu,

Marahaba, marahaba mara sita, moja kwa kila mwanafunzi, na kubwa zaidi kwa yule wa pipa la taka. Nimesoma barua yako kwa sauti mbele ya wazee wenzangu wa gereji, tunaokutana Alhamisi kucheza karata, na Mama Breki amepata wapenzi wanne hapa.

Baba yako hakudanganya. Mwalimu ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, yeye ishirini na tatu, tulikuwa tukiendesha pikapu ya kiwanda cha mbao kwa zamu. Nilimfundisha kuweka gia huru juu ya mteremko wa mto, ili pikapu ijiendee yenyewe hadi darajani na mafuta yabaki. Tajiri alitusifu. Gari lile lilikuwa la gia za mkono na breki zake zilikuwa nzuri kuliko akili zetu. Nikaondoka, nami nikajifunza mengine, na lile nililisahau. Yeye alilishika. Miaka arobaini na moja amekuwa akiteremka kila kilima kama nilivyomwonyesha, na alipopata wanafunzi akawapa kitu bora alichokuwa nacho. Mwambie sikujua, na kwamba sijawahi kupewa heshima kubwa kama hiyo wala yenye hasara kama hiyo. Mwambie afungue kamba ya viatu sasa. Namwamini.

Bibi Harusi mbadilishie mafuta kila mwaka, hata akionekana mzima, hasa akionekana mzima.

Sasa hilo mlilouliza, na nitajibu kama mlivyouliza, moja kwa moja. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba siku mtakapohitaji mikono yangu nitainuka nije. Mwaka huu mlihitaji, na mikono ikapatikana hapo hapo, yako na ya Profesa, mimi nikiwa nimekaa mezani na kioo cha kukuzia. Sijapata furaha kama hii tangu nistaafu. Lakini mke wangu amezikwa hapa, vitongoji viwili kutoka dirisha hili. Na nyumbani ninakokuota mimi ni ndani ya ile pikapu, ndugu yangu ana miaka ishirini na tatu, kiwiko nje ya dirisha, daraja bado liko mbali. Chumba cha uani, hata kikipakwa chokaa vipi, hakiwezi kunifikisha huko, na sitaki baba yako anione nikiitafuta ile pikapu.

Kitanda alale mwanafunzi anayetoka mbali. Meza iwe yako, uniandikie hapo.

Sitarudi.

Baba Mkubwa wako