Iringa Walijua Kabla ya Mama Yako

Ambilikile ndugu yangu,

Mama yako amekuja. Juzi aliteremka kwenye lori hapa Iyunga na kikapu cha usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, akauliza wanapokaa vijana waliokimbia kutoka Nyasa, ng'ambo ya mto Songwe. Mama mwenye nyumba wetu akamleta. Alitusalimu mmoja mmoja, akaketi, akasema, "Njia nzima nasikia watu wanamtaja mwanangu. Yuko wapi, kazini?"

Sisi wasemaji, Ambi, tunaopanda juu ya meza sokoni kudai uhuru wa nchi yetu mpaka sauti zinakauka, tulitazama miguu yetu. Mama mwenye nyumba ndiye aliyemkumbatia, akamwambia kwa Kinyakyusa kwamba homa ya mapafu ilikuchukua, na umelala kule juu kwenye shamba lake.

Unajua tulifanya nini baada ya kukuzika? Tulikwenda Iringa. Pale Ilula hata wauza nyanya waliacha biashara wakatusikiliza tukieleza ulivyokufa ugenini kwa ajili ya nchi. Watu walilia, nasi tukaona mambo yamenoga. Mimi ndiye niliyesema, tena nilisema vizuri, Mungu anisamehe. Kwenu hakwenda mtu. Tulijidanganya kwamba mpaka una askari. Mbona makaratasi yetu ya kudai uhuru yanavuka Songwe kila juma?

Tulipomwambia na habari za Iringa, Mama hakututukana. Angetutukana ningepumua. Alilia, halafu akanigeukia mimi, maana ananijua tangu mimi nawe tukichunga pamoja. "Iringa nzima wanajua, mimi niliyemzaa nikawa wa mwisho?"

Nimeaibika, ndugu yangu. Ule usipa ulipikwa, sikuweza kuula. Nao wenzetu, bila haya, wanataka Jumapili mama asimame nao mkutanoni, watu wamwone. Nimekataa, tumegombana vibaya.

Baba yako bado anadhani uko hai. Mama amesema hawezi kumwambia peke yake, kwa hiyo kesho asubuhi naondoka naye. Nitavuka. Wenzangu wananiita mjinga, kwa sababu askari wa kule wananitafuta kwa jina. Najua. Naogopa, sikufichi.

Pumzika, Ambi. Nakuahidi nitaketi chini mbele ya baba yako nimwambie kwa kinywa changu, kama ilivyotupasa siku ile ile. Wakija kunikamata, wanikute nimeshasema.