Chumba chenye joto ndicho chenye moshi

Mshauri, pole na kazi. Mimi ni msichana wa sekondari na si msemaji, hata darasani nikiulizwa jambo ninalolijua najibu kwa sauti ya kujisikia mwenyewe tu, ndiyo maana nimeona nikuandikie. Naomba unijibu haraka kwa sababu mtoto wa kaka yangu yuko karibu kuruhusiwa kutoka hospitali, na nyumbani wameshamwandalia mahali pa kulala, na mahali penyewe ndipo panaponitisha.

Baba yangu ni fundi cherehani na kaka anashona naye katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Kazi yao kubwa ni mashati meupe ya shule na magauni ya wauguzi, na kwa kuwa kitambaa cheupe hakitaki vumbi, dirisha la barabarani hufungwa tangu asubuhi na mlango hurudishwa. Humo ndani wote wawili huvuta sigara, mmoja akizima mwingine anawasha. Wifi yangu, mke wa kaka, alikaa humo karibu ujauzito wake wote akishona vifungo na kukata nyuzi, kwa sababu kila mtu alisema mjamzito apewe kazi ya kukaa. Wateja walipolalamika kwamba mashati yananuka sigara, baba alifunga waya wa kutundikia nguo chumba cha nyuma, na tangu hapo nguo zikiisha kushonwa zinahamishiwa huko. Nguo zilihamishwa, wifi akabaki.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo mno, akawekwa kwenye mashine ya joto. Baba alipomwona alisema, “Huyu si mtoto, huyu ni kifungo,” tukacheka, na Kifungo ndilo jina lake hadi leo. Lakini mimi nilipoona anavyovuta pumzi, mbavu zikibonyea ndani kila mara, sikucheka tena. Kabla yake mimba nyingine ya wifi iliharibika, watu wakasema tumbo lake halishiki, na yeye ameamini. Hospitali walimuuliza kama anavuta sigara, akajibu hapana, na ni kweli, hajawahi hata kuishika. Hakuna aliyeuliza wengine wanavutia wapi.

Sasa muuguzi amesema mtoto akitoka lazima akae kwenye joto. Baba, na ninajua ni kwa mapenzi, amesafisha kona ya chumba cha kushonea, karibu kabisa na meza ya pasi, kwa sababu pasi hushinda inawaka na hakuna chumba chenye joto kama hicho. Amemshonea na kigodoro, amekijaza mabaki ya vitambaa, na anakionyesha kwa kila mteja anayeingia.

Nilikuwa nimesoma katika kitabu cha shule kwamba moshi wa sigara ya mtu mwingine unamfikia mtoto akiwa bado tumboni, na kwamba mtoto mchanga anayelala kwenye moshi yuko katika hatari zaidi ya kufa usingizini. Nikajikaza nikamwambia kaka tukiwa tunakunja mashati, baba na mama wakisikia. Akasema, “Haya, daktari wetu ameanza! Mimi moshi napulizia juu, Kifungo atalala chini, watakutana wapi?” Mama, ambaye ndiye hupiga pasi, akasema, “Baba yenu alivuta mbele yangu mimba zenu zote, na nyinyi si hamjambo?” Baba hakucheka. Alitoa sigara mdomoni akaniambia, “Hicho kitabu chako kimenunuliwa na mikono hii hii inayoshika sigara. Ukimaliza kunifundisha kuvuta, uje unifundishe na kukata kola.”

Nilipomfuata wifi chumbani alinishika mkono kwa nguvu. “Wifi yangu, usiniletee maneno. Nikisema ni moshi, watasema namlaumu mume wangu kwa mimba ile. Bora walaumu tumbo langu.”

Mshauri, ninyamaze kama mtoto mwenye adabu, au niseme nionekane nimemvunjia baba heshima? Na nikisema, nisemeje, maana mbele yake machozi hutangulia maneno?

Shangazi wa Kifungo

MSHAURI ANAJIBU

Shangazi, habari ya adabu iweke kando kwanza. Ulichosoma ni kweli na hofu yako ni ya haki. Kifungo amezaliwa na mapafu machanga kuliko ya watoto wengine, na chumba hicho hakimfai hata kwa usingizi mmoja.

Baba yako simchukii. Alisikia joto, akatafuta joto. Ila mwambie kaka yako aache mzaha: moshi ulioweza kuingia kwenye shati la mteja uliingia pia kwa mkewe, na hauulizi nani yuko juu na nani yuko chini. Na mama yako anawahesabu waliopona tu. Wapo kina mama wanaoniandikia ambao hawana wa kumhesabu.

Kuhusu mimba iliyoharibika, mimi siwezi kusema ni moshi, kwani mimba huharibika kwa sababu nyingi. Lakini na hao wanaosema tumbo halishiki, wamelipimia wapi? Mwambie wifi yako hana mzigo wa kubeba hapo.

Sasa nisikilize. Usibishane tena na baba katika chumba chake cha kazi, utashindwa. Nenda hospitali na wifi yako kabla mtoto hajatolewa, umwambie muuguzi: “Chumba atakacholala mtoto, watu wanavuta sigara.” Basi, yatosha. Machozi yakitangulia, yaache, sentensi itafika. Kisha mwombe awaite baba na kaka awaeleze mwenyewe. Mtu anayeshona magauni ya wauguzi hatashindwa kumsikiliza aliyeyavaa. Awaulize pia kama wanataka kusaidiwa kuacha.

Joto la mtoto huyo ni kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani na blanketi mgongoni. Mwombeni muuguzi awaonyeshe. Alale chumba cha nyuma, chali, juu ya godoro gumu, na kile kigodoro cha mabaki akae nacho babu yake. Mashati yarudi mbele yakanuke. Sigara ivutwe nje kabisa, si mlangoni, na aliyevuta anawe mikono na kubadili shati kabla ya kumshika mtoto. Kaka yako, maadamu anavuta, asilale naye kitanda kimoja. Wifi yako asirudi kwenye vifungo mpaka chumba hicho kiache moshi. Na mtoto akihema haraka, mbavu zikibonyea, midomo ikigeuka rangi au akikataa kunyonya, mkimbizeni hospitali bila kumngoja mtu amalize mshono.

Na wakikataa yote haya? Siku mtoto anapoletwa, wewe na wifi yako piteni naye moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, mfunge mlango. Mtaitwa wakaidi. Itikeni kwa heshima zote, ila msifungue mpaka wazime.