Mlinzi Alikataa

Jumanne, 4 Machi

Tumemaliza ushahidi wa kesi ya ghala lililoungua. Kuli mmoja alifia ndani, mlango umefungwa kwa nje. Mshtakiwa ni mlinzi, mzee wa makamo, hana wakili. Na huku ugenini, Kiswahili chake humo mahakamani ninakijua mimi peke yangu, mkalimani wake. Mwendesha mashtaka akauliza: bosi wako alikuambia ufunge? Mzee akajibu, nilikataa. Nikampa hakimu Kiingereza chake — deny. Hakimu akainua kalamu: yaani anakana kwamba aliambiwa? Nikasema ndiyo. Haraka, nisionekane mkalimani wa juzi. Nimechoka hoi!

Jumatano, 5 Machi

Binti wa kaka yangu yuko mezani na homuweki. Shangazi, deny na refuse si kitu kimoja? Zote si kukataa? Nikamcheka. Deny, nikamwambia, ni kusema jambo si kweli. Refuse ni kuambiwa ufanye, ukagoma. Mfano... Bosi akuambie funga mlango, wewe...

Mama yangu! Yule mzee aligoma! Bosi aliamuru, yeye akagoma — na mimi nimemwandikisha kwamba bosi hakusema kitu, lawama ya mlango ikabaki kwake peke yake. Mtoto ananiuliza, shangazi, mfano uko wapi?

Alhamisi, 6 Machi

Sili. Nilikataa, nilikataa — naisikia kwenye bomba la maji, naisikia kwenye feni ya ofisi. Sauti ileile, ya mtu anayejivunia. Na kuli aliyekufa naye amekuja. Asubuhi nzima alikaa kiti cha wageni, ananitazama tu.

Nikamweleza mkalimani mkuu. Akafunga mlango kwanza. Eti nikifungua hiyo, kesi zangu zote za miaka tisa zitafunguliwa, na kazi sina. Nyamaza, mama, utulie. Nikanyamaza. Najichukia.

Ijumaa, 7 Machi

Hukumu leo, saa nne. Niko kwenye benchi la korido, naandika. Mke wa mlinzi amekuja kunishika mikono yote miwili. Dada, Mungu akuzidishie, mume wangu anasema wewe ndiye uliyemsemea. Nikajibu asante. Asante!

Karani anaita. Hukumu itasomwa kwa Kiingereza, na ni mimi nitakayemwambia mzee miaka yake ya kifungo, kwa mdomo huuhuu. Hakimu ameingia. Nimesimama mlangoni, bado naandika. Mzee ameniona. Anatabasamu, anasogea ukingoni mwa kizimba ili anisikie vizuri —