Chumvi Kavu Haiwashi Balbu

Jumanne, 4 Machi

Nimechekwa! Darasa zima la jioni, vijana ambao ningeweza kuwazaa mwenyewe. Na mwalimu ni shemeji, mke wa mdogo wangu — ndiyo maana inauma. Kauliza: chumvi na sukari, ipi ya ioni, ipi ya kovalenti? Mimi fundi umeme, miaka ishirini na miwili kazini, nikasimama na betri, waya na balbu. Nikagusa chumvi kavu. Balbu haikuwaka. Nikatangaza: haipitishi umeme, basi kovalenti. Shemeji akasema nimeihukumu kabla haijaoga.

Kabla haijaoga! Mbele ya watoto!

Jumatano, 5 Machi

Nimeitia chumvi ileile kwenye kikombe cha maji. Balbu ikawaka pwaa. Pumbavu zangu. Sukari — giza.

Chumvi ni sodiamu na klorini. Elektroni za sodiamu: 2, 8, 1. Klorini 2, 8, 7. Sodiamu, metali, anatoa ile moja ya nje, mwenzake anapokea, wanabaki na chaji, ndizo ioni, wanang'ang'aniana. Kavu, hawasogei. Majini wanaachana, wanatembea, umeme unapita. Sukari haina metali hata mmoja: kaboni, hidrojeni, oksijeni, wanachangiana elektroni tu, ndiyo kovalenti. Hakuna mwenye chaji.

Hesabu nyepesi hivi! Wenzangu walifundishwa wakiwa wadogo. Mimi nilikuwa nabeba ngazi za watu.

Alhamisi, 6 Machi

Injinia kasaini tena kazi yangu. Nyumba nzima nimetandaza waya mimi, sahihi yake! Eti, "Mzee, ukipata cheti cha sekondari utasaini mwenyewe." Mzee, mimi! Limebaki somo moja, kemia. Nitafaulu, apende asipende.

Jumatatu, 10 Machi

Mtihani wa vitendo. Unga mweupe aina mbili, A na B. Bilauri mbili za maji, vijiti viwili vya kaboni, balbu. Unga wote ukayeyuka. A ikawasha. B nayo ikawasha — hafifu, lakini ikawasha! Nimeandika zote za ioni. Macho yangu hayajanidanganya.

Shemeji kaja nyumbani, nikamwambia zote zimewasha. Hata hajakaa, akauliza: vijiti ulivisuuza baada ya A?

Nikamwambia nilivipangusa. Kwenye suruali, kama kazini.

"Kwa maji, shemeji! Kwa maji?"

Mabaki ya A kwenye kijiti, yakaingia kwenye B. Kumbe kilichowasha ni A, B ni kovalenti...

Nimejifungia chumbani. Namsikia sebuleni akimwambia mke wangu, mwache, atatoka mwenyewe.

Sitoki.