Taa ya Baba Kwenye Kabati la Mama

Nyumbani kwa mama,
Chumba cha mbele.
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unakitibu kwa maneno? Wifi yangu hajambo? Na mwanangu, meno ya mbele yameshaota? Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini ukimwambia apumzike anasema atapumzika akichoka. Nimeanza na salamu kwa kuwa ndivyo tulivyofunzwa. Ila tangu jana akili haijanirudi vizuri.

Ni ile taa. Uliniandikia nikutumie "taa iliyonipatia kofi" uiweke sebuleni uwe unaicheka. Najua si kucheka. Siku ya mazishi ulinivuta kando ukaniambia huwezi kumlilia mtu aliyekupiga kwa ajili ya takataka, nami nilikukubalia. Lilikuwa kofi pekee baba alilowahi kumpiga yeyote kati yetu.

Basi jana niliitoa kwenye kabati la vioo la mama, nikaizungushia gazeti, nikaitumbukiza mkobani juu ya mwavuli, mimi huyoo kwa watu wa vifurushi. Njiani nikapitia kwenye sinema aliyofanyia kazi baba, nikaombe boksi gumu.

Yule fundi wa miwani minene aliyekuwa msaidizi wa baba bado yupo. Nikabwaga mkoba mezani kwake, nikafungua gazeti. Mzee wa watu uso ulimparama.

"Dada, usiiguse tena. Rudi nyuma. Rudi mpaka mlangoni."

Nikacheka, nikamwambia hiyo ilikufa zamani, haiwaki. Hakucheka. Alivaa kofia yenye kioo cha kufunika uso, glavu hadi viwikoni na koti zito, ndipo akaisogelea kama mtu anayemnyemelea nyoka.

Sasa sikia nilichoelezwa nikiwa mlangoni. Balbu ya zamani ina uzi mwembamba, umeme ukipita uzi unapata moto hadi unang'aa. Ikivunjika unafagia, yamekwisha. Ya halojeni nayo ni uzi huohuo, ila ina gesi ya kuufanya udumu. Hizi za LED tunazonunua siku hizi hazina uzi, ni vipande vidogo tu vinavyotoa mwanga, na hazili umeme mwingi. Lakini ile ya baba, ya mashine ya kuonyeshea picha, ni ya zenoni, na haina uzi kabisa. Ina ncha mbili za chuma zinazotazamana, katikati ni gesi hiyo ya zenoni. Inashtuliwa kwa umeme wa maelfu ya volti, umeme unaruka toka ncha hadi ncha, na mwanga unatoka mweupe kama wa mchana. Ndiyo maana picha ilijaa ukuta mzima.

Shika moyo, mdogo wangu. Gesi hiyo imeshindiliwa humo mara nne au tano kuliko upepo wa tairi la gari dogo, na hapo taa ni baridi, imezimwa! Kuchoka kwake hakuitoi gesi, kunadhoofisha kioo tu, kwa hiyo iliyochoka ndiyo mbaya zaidi. Inatakiwa ivunjwe na mtu anayejua, mapema. Na zile taa nyeupe za gari lako ulizojisifia kwenye barua ni za ukoo huohuo, kwa hiyo usijitie ufundi.

Miaka kumi na sita! Tangu baba afariki na wenzake wakatuletea vitu vyake kwenye katoni, mama ameipangusa kila Jumamosi kwa kitambaa cha vyombo. Wanangu waliwahi kuishika kama maikrofoni, wakaimba, na mimi nikapiga makofi. Tumeponea chupuchupu, na wala hatukujua tunaponea nini.

Halafu fundi akaniuliza kama baba alituambia lile kovu la chini ya jicho alilipata wapi. Nikasema kwenye baiskeli. Kumbe sivyo. Taa ilimpasukia akiibadilisha. Alishonwa, kisha akawaapisha wenzake wasimwambie mama, maana angemwachisha kazi, na sisi sote wanne tulikuwa bado shuleni. Tangu hapo mikono ilimtetemeka kila akitakiwa kuvunja taa iliyochoka. Hii uliyoiomba hakuweza kabisa kuivunja. Mwishowe, baada ya siku ya kofi lako, akaifungia kabatini kwake kazini kwa kufuli.

Nikauliza huko kupasukiwa kulikuwa lini. Wiki mbili kabla ya wewe kumpelekea chakula cha mchana, una miaka kumi, ukaiokota taa hiyohiyo mezani ukaibandika jichoni uchungulie ndani.

Fundi alikuwepo. Anasema baba aliipokea kwanza kwa mikono miwili, taratibu, akaiweka kwenye boksi lake, akafunga kifuniko. Ndipo akakupiga. Ulipotoka unalia, alikaa chini sakafuni akashindwa kuendesha picha, watu ukumbini wakapiga miluzi gizani. Sisi tulidhani hakujali.

Taa haipo tena. Fundi aliifunga kwenye turubai nene akaivunjia uani, na mlio wake ulinitoa machozi nikiwa nyuma ya ukuta wa matofali. Nilipomsimulia mama, alisema, "Nilijua si baiskeli. Baiskeli iliibwa mwaka ule kabla ya mvua." Hakuwahi kumuuliza. Leo asubuhi nimemkuta anapangusa kabati, na pale taa ilipokuwa amepaacha wazi.

Fundi anakusalimu, anakumbuka ulivyomaliza njugu zake. Dada zetu wawili wanakusalimu pia, na wanao wa huku wanauliza mjomba anakuja lini. Mbusu mwanangu, na umwambie wifi barua yake ninaijibu.

Ndani ya boksi hili utakuta ncha mbili za chuma. Ndizo zilizobaki, na hazina madhara tena. Ukizitoa, zipokee kwa mikono miwili, kama alivyoipokea yeye toka jichoni kwako.

Mungu ayalinde macho yenu nyote.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Dada yako mkubwa