Utando Mweusi Ndani ya Waya

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Kuwabata Tomoe, mwanamke
Umri: miaka 63
Kazi: muuza waya na plagi, Nipponbashi
Makazi: juu ya duka hilo hilo, Osaka
Yameanza kuandikwa tarehe 10 Juni 2019, saa saba na dakika ishirini mchana.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeambiwa niseme kweli, na sikuhitaji kuambiwa. Nauza waya kwa mita tangu mume wangu akiwa hai, huu ni mwaka wa thelathini na nne, na sijawahi kumkosea mteja hata mmoja. Andika hivyo hivyo.

Mnamo tarehe 23 Mei, Alhamisi, kama saa tisa alasiri, Bwana Hirukawa Sadao, msambazaji wa tofu, yaani jibini la soya, alikuja dukani kwangu. Alibeba ubao wa rafu alioukata mwenyewe, juu yake amepanga vikanyagio sita vya kubadilishia sauti ya gitaa. Alitaka waya wa kuviunganisha. Binti yake alikuwa anaolewa tarehe 9 Juni, naye, baba mtu, angepiga wimbo mmoja mbele ya wageni.

Nilimwambia, "Vikanyagio sita kwa wimbo mmoja? Unaoza binti au unarusha roketi?"

Akacheka. Huniita shangazi, kama wateja wengi. "Shangazi, ninaye huyo mmoja tu. Niache nijimwage."

Alisema ana waya wa spika nyumbani, autumie huo. Nilimkatalia. Waya ule hauna wavu wa shaba wa kuzuia kelele. Wageni wangesikiliza mvumo wa taa badala ya gitaa. Nikamkatia waya mwembamba wa gitaa, mita moja na nusu, nikampa na plagi kumi. Kisha nikamweleza jambo ambalo wanaojitengenezea nyumbani hulikosea kila siku. Chini ya wavu kuna utando mweusi. Ukiutazama ni plastiki tu, lakini unapitisha umeme. Lazima umenywe urudi nyuma kabla ya kulehemu, maana ukigusa waya wa katikati, sauti inakufa. Nilimwambia mara tatu.

"Hayo ni masikio au mapambo?" nilimuuliza, kwa sababu alikuwa anahangaika na simu.

Nilimtengenezea kipande kimoja cha mfano, nikakivika mpira mwekundu. Vinne vilivyobaki angetengeneza mwenyewe. Nilipokuwa nalehemu alinionyesha kwenye simu picha ya binti akijaribu kimono cheupe cha harusi, nami nikaitazama. Akaondoka na peremende mkononi, kama ninavyompa kila mteja.

Leo saa nne na dakika kumi asubuhi nilikuwa na wateja wawili. Bwana Hirukawa aliingia, bado amevaa suruali ya sherehe.

"Mwizi wewe, shangazi! Umeniuzia takataka!"

"Punguza sauti, nina wateja."

"Nao wasikie! Nyumbani gitaa lilikuwa linaimba. Jana nimesimama mbele ya watu themanini, napiga, kimya! Mwanangu ananitazama. Baba mkwe wake ndiye aliyeanza kunipigia makofi. Makofi ya huruma!"

"Ulimenya utando?"

"Nilimenya!"

"Hukumenya. Nyie wote mnasema mmemenya."

Akarusha fungu la zile nyaya tano. Lilipiga kabati la vioo, kioo cha mbele kikavunjika. Mteja mmoja alirudisha plagi alizoshika akatoka bila kuniangalia. Hilo liliniuma kuliko kioo. Kuitwa mwizi dukani kwangu, na mtu aliyeshindwa kumenya waya! Nikapiga simu polisi.

Nilipofika hapa katika maelezo nilidai nyaya zile zifunguliwe, ili Bwana Hirukawa aumbuke. Saa nane kasoro dakika kumi Sajini Nagamine, anayeandika maelezo haya, alinipa wembe. Nilianza na vipande vinne alivyotengeneza yeye. Vyote vilikuwa vimemenywa sawasawa, visafi kuliko vya mafundi wengi ninaowajua. Nilizidi kukasirika. Kikabaki chenye mpira mwekundu.

Sajini akasema, "Mama, bado kimoja."

"Nakiona."

Nilikifungua. Utando mweusi ulikuwa mzima hadi kwenye risasi ya kulehemu. Ubao ukitulia, kama nyumbani kwake, utando hausumbui. Ubao ukibebwa, waya ukipindika, utando unagusa waya wa katikati.

Kile ni kazi ya mikono yangu. Kioo alikivunja yeye, na siwezi kusema hakukivunja, lakini malalamiko nayaondoa. Hasira bado ninayo tele, na sasa sina pa kuipeleka. Harusi ile haitarudiwa ili baba apige tena.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya, na sina la kupunguza.

(Sahihi na mhuri) Kuwabata Tomoe

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Nagamine Kohei, nikamsomea shahidi, naye akakubali kuwa ni sahihi. Nilimuuliza kama niifute sentensi ya aya ya kwanza isemayo kuwa hajawahi kumkosea mteja, kwa kuwa haipatani na yaliyofuata. Alikataa. Alisema ibaki ilivyo, na kwamba Bwana Hirukawa akisomewa, asomewe kuanzia hapo.